Shemeji ameshika karatasi za lupango (kiwanja), muuguzi anataka dola 400

Barua

Wandugu wa safu ya ushauri,

Bwana wangu alifariki miezi mitatu iliyopita hapa Lubumbashi, kwa ugonjwa wa figo. Tulioana kimila 2010, mahari ikalipwa yote, na mwaka huohuo tukaandikisha ndoa komine (ofisi ya serikali ya mtaa). Nimezaa naye watoto watatu. Yuko pia mkubwa wa miaka 17, aliyezaliwa na mama mwingine kabla ya ndoa yetu. Bwana wangu alimtambua etasivili (ofisi ya kuandikisha vizazi na ndoa) akiwa mzima. Lupango ya Katuba tunamoishi tulinunua 2014, imeandikwa jina lake peke yake. Tuko na nyingine upande wa barabara ya Kipushi, ni msingi tu na matofali.

Alifanya kazi miaka 11 kwenye sosyete moja inayochukua vibarua vya mine (migodi). Ofisi ya wafanyakazi imeniambia kuna asiransi (bima) ya kifo ya dola 15,000. Kampuni ya bima imenipa orodha ya karatasi, na mojawapo ni cheti cha daktari kinachosema ugonjwa ulianza lini. Muuguzi mmoja wa kliniki alikotibiwa ananiambia kwa dola 400 ataandika kwamba figo zilianza kuuma baada ya bwana kuingia kwenye bima. Anataka pia nisaini boni (vocha) tatu za matibabu ambazo hazijajazwa, eti za kufunga faili.

Shemeji mkubwa alichukua sertifika ya lupango (hati ya umiliki) wakati wa kilio. Anasema yeye ndiye likidateri (msimamizi wa kugawa urithi), pesa ya bima lazima ipite kwake, bibi hana urithi kwa sheria wala kwa mila, na nitoke nyumbani kabla ya mwisho wa mwezi. Mama mkwe yuko hai, ni mzee, lakini hasemi kitu.

Nianze na nini? Na mimi nikifa kesho, nani atawalinda hawa watoto?

Mama wa Katuba

Jibu

Mama, pole sana kwa msiba, na pole kwa hayo yaliyokufuata hata kabla machozi hayajakauka.

Tuanze na jambo linaloweza kukuharibia kila kitu kwa siku moja. Usisaini boni hata moja, na usimpe huyo muuguzi hata faranga mia. Boni tupu ukiisaini, jina lako ndilo linalobaki chini ya karatasi, na yeye ndiye atakayejaza tarehe na dawa. Akiweka siku ambayo bwana alikuwa tayari amezikwa, faili moja itakuwa na akti (cheti) ya kifo na boni ya matibabu zinazopingana. Wakaguzi wa bima hutafuta kitu hicho kabla ya vingine: wanalinganisha tarehe ya kifo, tarehe ya kulazwa, tarehe ya dawa na tarehe ya fakitire (ankara). Haihitaji ujanja mkubwa kugundua.

Cheti cha uongo ni hivyohivyo. Kitabu cha pili cha sheria ya adhabu ya Kongo, kifungu cha 124, kinaadhibu kughushi maandishi kwa kifungo cha miezi 6 hadi miaka 5 na faini, au moja ya adhabu hizo tu. Kifungu cha 126 kinatoa adhabu hiyohiyo kwa anayetumia karatasi ya kughushi huku akijua. Muuguzi ataandika, lakini wewe ndiye utakayeipeleka kwa bima. Na ugonjwa wa figo huacha alama nyingi: vipimo vya damu vya maabara, pengine karatasi za dializi (kusafishwa damu kwa mashine), maandiko ya daktari mwingine. Bima ikipata kipimo kimoja cha zamani, itakuwa na sababu ya kukataa dola zote 15,000, hata zile ambazo pengine zilikuwa haki yako bila uongo wowote.

Na hapa ndipo tunakuomba usome taratibu. Ugonjwa kuanza kabla ya bima haimaanishi moja kwa moja kwamba bima haitalipa. Bima hii ilichukuliwa na mwajiri kwa kundi lote la wafanyakazi. Katika mikataba ya namna hiyo, mara nyingi mfanyakazi haulizwi kitu juu ya afya yake mpaka kiasi cha bima kipite kiwango fulani. Anaandikwa kwenye orodha, basi. Mtu asiyeulizwa hakudanganya. Kwa hiyo karatasi ya kutafuta kwanza ni fomu aliyosaini bwana wakati wa kujiunga. Iombe kwa barua kwenye ofisi ya wafanyakazi, pamoja na nakala ya masharti ya mkataba wa kundi. Angalia mambo matatu: kama kulikuwa na maswali ya afya, alijibu nini, na kama masharti yanataja magonjwa yasiyolipiwa au muda wa kungoja.

Kama aliulizwa na akaficha kwa makusudi, hapo hatari ni ya kweli: mkataba unaweza kufutwa kwa upande wake. Lakini nia mbaya lazima kampuni ya bima ndiyo iithibitishe. Kama alikosea bila nia mbaya, kwa mfano hakujua bado kwamba ana tatizo la figo, kanuni ya kawaida ya bima ni kupunguza malipo kwa kadiri ya mchango. Kama mchango uliolipwa ulikuwa dola 20 na ungepaswa kuwa 30, analipwa theluthi mbili: kwenye 15,000 inabaki 10,000. Dola 10,000 za halali zinasomesha watoto. Dola 15,000 za cheti cha kununua zinaweza kukupeleka parke (ofisi ya mwendesha mashtaka).

Cheti chenyewe mwombe daktari aliyemtibu, si muuguzi, tena mwombe aandike ukweli. Una haki ya kuomba kiwekwe ndani ya bahasha iliyofungwa, kwa jina la daktari mshauri wa kampuni ya bima, kwa sababu siri ya mgonjwa haiishi na kifo na karani wa dirishani hana kazi ya kuisoma. Yale ya dola 400 yaandike kwa barua fupi kwa mkurugenzi wa kliniki: tarehe, saa, maneno yaliyosemwa, boni ngapi ulipewa. Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Boni tupu zipige picha, kisha uzirudishe pamoja na barua. Siku moja zikitokea zimejazwa, barua hiyo itakutetea.

Sasa pesa ya bima ni ya nani. Jibu liko kwenye mstari mmoja wa ile fomu ya kujiunga: jina la mnufaika. Kama bwana aliandika jina lako, au "bibi yangu", au majina ya watoto, pesa hiyo si sehemu ya urithi. Inatoka kwa bima, inakwenda kwa aliyetajwa, haipiti mikononi mwa likidateri yeyote, awe shemeji au awe nani. Kama mstari ni mtupu, soma masharti ya kundi: mara nyingi yana mpangilio wao, kwanza mwenzi wa ndoa, kama hayupo watoto, kisha warithi. Ikiwa imeandikwa "warithi wangu", hapo kampuni itadai karatasi za urithi na kila mtu atalipwa fungu lake. Andikia kampuni ya bima wiki hii, hata kabla ya kupata karatasi zote: sema kifo kimetokea, taja namba ya mkataba, sema kuna mabishano katika familia, na uombe wasimlipe mtu yeyote bila kukuarifu kwa maandishi.

Tangu Sheria namba 15/005 ya 17 Machi 2015, soko la bima Kongo halimo tena mikononi mwa Sonas (kampuni ya bima ya serikali) peke yake, na kuna msimamizi wa makampuni ya bima anayeitwa ARCA. Wengi hawajui kwamba mwananchi wa kawaida anaweza kumpelekea ARCA malalamiko. Fanya hivyo ikiwa kampuni itakaa kimya au itakukataa bila kutaja kifungu cha mkataba. Barua ya kukataa lazima iseme sababu. "Faili yako ina matatizo", maneno ya mdomo pale dirishani, hayo si jibu.

Tuje kwa lupango. Shemeji anasema bibi si mrithi. Amechanganya mambo mawili, na anaona faida kuyachanganya. Kodi ya familia, yaani kitabu cha sheria za familia (Sheria 87-010 ya 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa na Sheria 16/008 ya 15 Julai 2016) inasema: watu wakioana bila kuchagua mpango wa mali, wanakuwa chini ya mpango ambamo vyote walivyochuma ndani ya ndoa ni vya wote wawili. Jina kwenye sertifika haligeuzi hilo. Kwa hiyo kabla ya kutamka neno urithi, mali mliyochuma inakatwa mara mbili. Nusu ni yako. Si zawadi ya familia wala urithi. Ilikuwa yako bwana akiwa hai. Urithi ni nusu yake tu. (Kama lupango ya Katuba angeipata kwa baba yake, hesabu ingekuwa nyingine. Wewe umesema mlinunua 2014, ndani ya ndoa. Tafuta karatasi ya mauzo.)

Ile nusu yake inagawanywa hivi: robo tatu kwa watoto wote, waliozaliwa ndani ya ndoa na yule mkubwa aliyetambuliwa na baba akiwa hai, sawa kwa sawa. Robo iliyobaki inakwenda kwa makundi matatu: mwenzi aliyebaki, wazazi wa marehemu, ndugu zake. Kila kundi linapata moja ya kumi na mbili ya urithi.

Tutumie hesabu za mfano, wewe utaweka bei za kweli. Tuseme Katuba ina thamani ya dola 30,000, barabara ya Kipushi 12,000, benki kuna 2,000, na madeni ya nyumba na ya kliniki ni 4,000. Jumla ni 44,000; toa madeni, inabaki 40,000. Wewe unachukua 20,000. Urithi ni 20,000: watoto 15,000, yaani 3,750 kwa kila mmoja wa wanne. Zinabaki 5,000: wewe kama dola 1,667, mama mkwe 1,667, na ndugu wote wa marehemu pamoja 1,667. Kama ndugu ni watano, shemeji anayekufukuza ana haki ya kama dola 333. Mwandikie hesabu hii kwenye karatasi mbele ya wazee. Mara nyingi kelele hupungua namba zikionekana.

Na nyumba? Hata watoto na mama mkwe wakiwa na mafungu yao, sheria inampa mwenzi aliyebaki haki ya kuendelea kukaa na kutumia nyumba waliyokuwa wanaishi, pamoja na vyombo vyake. Haki hiyo inaisha kwa kifo, au ukiolewa tena wakati kuna warithi wa daraja la kwanza (watoto) au la pili (wazazi na ndugu wa marehemu). Mwisho wa mwezi wa shemeji haumo. Usitoke. Ukitoka "kwa muda ili amani irudi", utakuta kufuli mpya. Akija na watu kukutoa kwa nguvu, mwite mkuu wa kata, na uende parke kufungua mashtaka siku hiyohiyo.

Kuhusu cheo cha likidateri, tukuambie ukweli hata kama hautakufurahisha: sheria inampa nafasi hiyo kwanza mrithi mwenye umri mkubwa kuliko wengine. Ndugu wa marehemu ni mrithi wa daraja la pili, kwa hiyo shemeji hakubuni kitu. Lakini amesahau mtu mmoja. Mama mkwe naye ni mrithi, na ni mkubwa kuliko yeye. Mama mkwe akikataa kazi hiyo kwa maandishi, ni warithi wote ndio wanaomteua mwingine, nawe ni mmoja wao. Kwa hiyo nenda kwa mama mkwe, kwa heshima zote, na mtu mzima anayemheshimu, kabla ya kikao cha familia. Mweleze fungu lake mwenyewe. Ukimya wake huenda ni wa mtu ambaye hakuna aliyemwambia kwamba naye ana haki.

Yeyote atakayekuwa likidateri, si mwenye mali. Kazi yake ni kuandika orodha ya vitu, kulipa madeni, kugawa mafungu na kutoa hesabu. Akishindwa au akijilia, warithi wanaweza kuomba mahakama imweke mwingine. Kesi za urithi huanzia tribinali ya amani (mahakama ya ngazi ya chini). Kwenye kikao cha familia, usisaini ripoti yenye nafasi tupu, wala yenye sentensi kama "tumemkabidhi mali yote". Dai iandikwe "amekabidhiwa kusimamia mali, kulipa madeni na kugawa kwa warithi", na majina ya watoto wote wanne yawemo. Mkubwa wa miaka 17 ana mama yake. Mwite huyo mama pia, kwa sababu wewe huwezi kupokea kwa niaba ya mtoto wake, na mkiwa pamoja mna nguvu kuliko kila mmoja peke yake.

Sertifika iliyo mikononi mwa shemeji haimpi lupango. Nakala nyingine iko kwenye kitabu cha konservateri wa hati za ardhi. Kuhamisha jina baada ya kifo kunahitaji amri ya mahakama ya kuwatambua warithi. Lakini karatasi za uongo zipo, na hapa kuna tarehe ya kuogopa: sertifika mpya ikishatolewa, baada ya miaka 2 haiguswi tena kirahisi, unabaki kudai fidia tu. Kwa hiyo peleka kwa konservateri barua ya kupinga uhamisho wa jina, pamoja na akti ya kifo, akti ya ndoa na akti za kuzaliwa za watoto. Rudi kila baada ya miezi michache kuangalia kitabu. Kama Katuba mna livre ya lojere (kitabu cha makazi cha komine) tu na si sertifika, barua kama hiyo ipeleke komine, na nakala kwa mkuu wa kata.

Usisahau CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Bwana alichangia miaka 11, namba yake iko kwenye karatasi ya mshahara. Malipo ya waliobaki nyuma, kwa mjane na watoto, yanatoka huko. Ni mbali na bima ya mwajiri, na hayapiti kwa likidateri. Mwajiri naye ana hesabu ya mwisho ya kulipa: mshahara wa siku zilizofanywa, likizo ambayo hakuichukua.

Karatasi ya kutengeneza kwanza ni akti ya kifo, kwa sababu konservateri, bima, CNSS na benki zote zitaidai. Chukua nakala zilizothibitishwa kama nane mara moja. Halafu akti ya ndoa: kama ile ya komine imepotea, omba nakala sasa, kabla shemeji hajaanza kusema mliishi tu pamoja. Bila ndoa iliyoandikishwa, haya yote tuliyokuandikia yangekuwa vita vingine kabisa.

Swali lako la mwisho. Unaweza kuandika wosia wewe mwenyewe, nyumbani. Wote uwe kwa mkono wako, tangu neno la kwanza hadi la mwisho, uwe na tarehe, na sahihi yako. Ukiupiga kwenye kompyuta na kusaini chini tu, hauna nguvu kama wosia wa mkono. Njia nyingine ni mbele ya notere (mthibitishaji wa hati) au afisa wa etasivili, na hiyo ndiyo tunayokushauri, kwa sababu familia itapata shida kusema mwandiko si wako. Huwezi kupunguza robo tatu ya watoto. Unachoweza, na ndicho muhimu kwako, ni kutaja ndani yake likidateri unayemwamini, dada yako au mtu wa kanisa, ili siku hiyo mkubwa wa umri asijitangaze. Taja pia nani atawalea wadogo. Ukipata kazi yenye bima, usiache mstari wa mnufaika mtupu: andika majina kamili ya watoto na tarehe zao za kuzaliwa.

Wosia usiuweke kwenye sanduku la nyumbani, maana ndilo la kwanza kufunguliwa wakati wa kilio. Uache kwa notere, na watu wawili wajue uko kwa notere yupi.